Chupa ya soda hurudi kiwandani yenyewe, ya maji tunaizoa sisi bure. Kwa nini?

BintiShangani (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu.

Jumamosi nimekabidhi ufunguo wa banda letu pale Magomeni, Mtwara mjini. Tulikuwa akina mama kumi na wawili na vijana watatu, tunazoa chupa za plastiki mitaani na ufukweni, tunapima, tunauza. Tumekwenda miaka minne. Mwanzoni tulikuwa na mfadhili: glavu, mzani, matoroli, fulana zenye nembo. Mradi ukaisha, fulana zikabaki. Tukaendelea wenyewe kwa kumtegemea mnunuzi wa Dar. Akashusha bei ya kilo. Akasema chupa za rangi hataki tena. Akasema vifuniko na lebo tutoe sisi. Mwisho akasema gari haliji mpaka mzigo ujae.

Aliyewahi kujaza gari kwa chupa anajua kwamba unasafirisha hewa. Mashine ya kubana hatukuwa nayo, tulikuwa tunazikanyaga kwa miguu. Na chupa ya nusu lita haifiki gramu 20, kwa hiyo kilo moja ni kuinama zaidi ya mara hamsini. Wengine kati yetu ni bibi za watu.

Sasa sikilizeni kilichonifanya niandike. Siku hiyo ya kukabidhi nimekaa barazani nasubiri mwenye nyumba. Mbele yangu kuna duka. Kaja mtoto na hela yake kununua soda ya kioo, muuzaji akamuuliza, "Chupa iko wapi?" Mtoto hana. Akarudishwa nyumbani kufuata chupa, analia njia nzima. Nikacheka peke yangu kama mwehu, kisha nikanyamaza, maana nilikumbuka kitu: kwa miaka minne sijawahi kuokota chupa nzima ya soda ya kioo ufukweni Shangani. Hata moja! Vipande vya kioo, ndiyo. Chupa nzima, hakuna. Ina hela, kreti yake ina hela, na mwenye kiwanda anaitaka irudi.

Ya plastiki alishaachana nayo siku ilipotoka getini. Kauza maji, kauza na taka yake ndani ya bei ileile, na gharama ya kuiokota imebaki kwa manispaa na kwa sisi akina mama wa glavu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Nimesoma kwamba kuna nchi zimegeuza jambo hili, anayeingiza kifungashio sokoni ndiye anayelipia kukusanywa kwake. Wanaita wajibu wa mzalishaji. Wazo hilo liliandikwa Sweden mwaka 1990 na mtaalamu anayeitwa Thomas Lindhqvist, na mwaka uliofuata Ujerumani wakaliwekea sheria ya vifungashio. Afrika Kusini kanuni zao zimeanza Mei 2021. Jirani zetu Kenya wameliingiza kwenye sheria yao ya taka ya mwaka 2022.

Naomba wenye ujuzi waniambie: hili kwetu huku Kusini linawezekana, au ni la wenye barabara nzuri tu?

Kaa_Chonjo

Nimevuta kiti. Nasubiri wajuzi.

Mtata_wa_Chuno

Dada pole kwa banda, lakini umekosea mlango. Taka ni suala la ustaarabu. Mtu anakunywa maji ndani ya bajaji, dirisha hilo, chupa nje. Hapo kiwanda kimekosa nini?

Halafu Sheria ya Mazingira ya 2004 imezikabidhi taka ngumu halmashauri. Tozo ya taka tunalipa. Dampo la Mangamba lilijengwa kwa hela za mkopo tutakaolipa sisi na wajukuu. Wabane hao kwanza kabla hujamfuata mwenye kiwanda aliyeajiri vijana.

BintiShangani

Mkuu, huyo wa bajaji aliyetupa chupa ya maji, jioni akinywa soda dukani anakaa kwenye benchi mpaka aimalize ili arudishe chupa. Ni mtu yuleyule. Ustaarabu gani huo unaokuja na kuondoka kwa kufuata aina ya chupa?

Kuhusu sheria, hiyohiyo ya 2004 ina kanuni kwamba mchafuzi hulipa. Tumeizoea kwa anayemwaga mafuta mtoni. Sisemi halmashauri wasizoe. Nauliza kwa nini wazoe kwa hela ya muuza dagaa asiyenunua hata hayo maji ya chupa.

Kreti_Tupu

Mimi ni dereva wa gari la vinywaji, Dar–Lindi–Mtwara. Niongeze kitu ambacho watu wa ofisini hawakioni.

Nikishusha soda hapa Mtwara, sirudi mtupu. Napakia makreti ya chupa tupu mpaka juu, nafunga turubai, nazirudisha Dar, zaidi ya kilomita 500. Kioo kina uzito, wakuu. Kinakula mafuta, kinakula matairi. Na bado inalipa, kwa sababu nauli ya chupa tupu analipa mwenye chupa. Nikivunja nyingi nakatwa.

Wiki nyingine nikileta maji ya plastiki kwa tajiri mwingine, nikishusha hadithi imeisha. Natafuta mzigo wa kurudi nao, nisipopata narudi na upepo. Yaani gari lipo, dereva yupo, njia ni ileile, nafasi ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuniambia, "Rudi na hizi, nitakulipa."

Dada anaposema mnunuzi alikataa kuja mpaka mzigo ujae, namwelewa na huyo mnunuzi. Anatoa gari Dar likiwa tupu kuja kufuata hewa. Biashara hiyo hata mimi nisingeifanya. Lakini mwenye maji gari lake linakuja hata hivyo!

Na mnaosema ni uchafu mdogo tu, tuliokwama Somanga Mei 2024, barabara ilipokatika kipindi kile cha Kimbunga Hidaya, tuliona. Magari foleni, watu wanakunywa maji ya chupa siku nzima, na chupa zote zikaingia kwenye maji yaleyale yaliyokata barabara. Zimefika wapi, muulizeni samaki.

Ligula_Ughaibuni

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mtoto wa Ligula hapa, naishi Kitchener, jimbo la Ontario, Kanada. Uzi huu umenikuta nyumbani kabisa, maana visanduku vya bluu vya kutenganisha taka vilianzia mji huu mwaka 1981.

Vilianza hivyohivyo kwa moyo. Baadaye manispaa zikabebeshwa, na kodi ya nyumba ikabeba. Sheria ya 2002 ikawataka wazalishaji wachangie nusu ya gharama. Hiyo nusu ilileta ugomvi wa miaka, kila mwaka wanabishana gharama ni ipi. Mwaka 2016 ikatungwa sheria nyingine, na kuanzia Julai 2023 mpaka mwisho wa Desemba 2025 manispaa zikakabidhi kwa zamu. Sasa makampuni yanalipa yote na yanaendesha yenyewe kupitia mashirika waliyounda. Jimbo la British Columbia ndilo lililotangulia, mwaka 2014.

Mnataka kujua mtaani kimebadilika nini? Kwa macho, kidogo sana. Lori linapita, mtu anashusha, anapakia. Sehemu nyingine ni mkandarasi yuleyule wa manispaa, ila ankara inakwenda kwingine. Mabadiliko yako kwenye hesabu ya kiwanda. Mzalishaji anatoa taarifa kila mwaka ameingiza kilo ngapi za plastiki hii, ngapi za karatasi, ngapi za kopo, na kila aina ina ada yake. Kifungashio kisichochakatika kirahisi kinaweza kupangiwa ada kubwa kuliko kinachochakatika. Dada, ile chupa ya rangi iliyokataliwa na mnunuzi wako, hapo ndipo inapomuuma aliyeichagua rangi. Leo hasara ya rangi umeibeba wewe, na hukuichagua.

Sasa na kasoro zake, nisije nikaonekana mpiga debe. Sheria imehesabu nyumba za kuishi na shule. Maduka, ofisi, makanisa, misikiti, hawamo. Sehemu ambazo manispaa ilikuwa inawachukulia wakiwa njiani, sasa wanaambiwa watafute mtu wa kumlipa wenyewe awachukulie. Duka dogo lenye maboksi kumi kwa wiki limeachwa mataani. Mkiandika ya kwenu, angalieni nani anabaki nje ya mstari.

Na Wajerumani, tusiwasifu kupita kiasi. Walianza 1991, ikifika 1993 shirika lao la kukusanya vifungashio lilikuwa linakaribia kufilisika. Watu walikusanya kuliko viwanda vilivyoweza kumeza, taka nyingine zikaishia nchi za watu. Kilichokuja kutuliza mambo ya chupa ni amana, yaani hela unayolipa juu ya bei na kurudishiwa ukirudisha chupa: tangu 2003 chupa nyingi za kutumika mara moja zina senti 25 za yuro juu yake. Ukienda Berlin utaona mtu anaweka chupa yake tupu pembeni ya pipa, asiitumbukize, ili mzee anayeokota asiinamie ndani.

BintiShangani

Hiyo ya kuweka pembeni ya pipa imenigusa, mdogo wangu. Asante.

Duka_la_Kona

Naona wote mnaanza kunitazama mimi.

Amana, amana. Nani anaitoa kwanza? Mimi. Gari likija nalipa maji na amana juu, mtaji wangu umelala pale mpaka chupa ziishe kurudi. Makreti ya soda tu yameshika hela ambayo ingenunua magunia ya sembe. Na kreti angalau inapangika, unaweka juu ya nyingine mpaka darini. Plastiki tupu utaipanga vipi? Duka langu ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Chupa zenye mabaki ya juisi zinaleta siafu, nyuki na panya. Halafu aje mtu na kiroba cha chupa mia tatu ambazo hata hakununua kwangu, nimlipe kwa hela gani?

Sipingi. Nasema tu kila mnapopanga mambo mazuri, mnampangia mwenye duka kazi ya bure, kama mlivyowapangia hao akina mama.

Ligula_Ughaibuni

Bosi una haki kabisa. Norwe wanalipa duka ada ya kila chupa linayopokea, na ada hiyo inatoka kwenye mfuko wa wazalishaji. Ujerumani duka dogo chini ya mita za mraba 200 halilazimiki kupokea chupa za kampuni ambayo haliuzi bidhaa zake.

Duka_la_Kona

Kuna ada? Basi tuongee.

Mzee_wa_Newala

Wanangu, mnaongea chupa za maji kama vile ndizo mbaya kuliko zote. Njooni shambani mwezi wa sita, mikorosho ikianza kupulizwa.

Mimi ni mwanachama wa AMCOS, chama chetu cha msingi cha ushirika wa wakulima, tangu zamani. Salfa inakuja kwenye mifuko, viuatilifu vya maji vinakuja kwenye chupa na madumu. Ukishapuliza, mfuko unaachwa chini ya mkorosho. Chupa inatupwa kwenye shimo la mhogo, au inachomwa na kuku wapo pembeni wanakula. Dumu likiwa zuri halitupwi. Linaoshwa kwa mchanga, linakwenda kisimani. Nimeliona kwa macho yangu, ndani ya nyumba ya mtu mwenye watoto wadogo. Nikamwambia mwenyewe, akanijibu, "Babu, dumu jipya ni hela." Nilikosa la kusema.

Mjukuu wangu aliyesomea kilimo akanieleza habari za Brazili. Walitunga sheria mwaka 2000. Mkulima anasuuza dumu mara tatu, maji ya kusuuzia anayarudisha kwenye bomba la kupulizia, dumu analitoboa ili lisitumike tena, halafu analirudisha. Pa kurudishia pameandikwa kwenye risiti aliyopewa siku ya kununua. Kutoka hapo ni juu ya mwenye kiwanda kulisafirisha na kuliharibu. Leo zaidi ya asilimia 90 ya madumu ya plastiki ya dawa yanarudi. Na Brazili mashamba yapo mbali kuliko hapa na Tunduru.

Sisi huku tuna kitu ambacho muuza maji hana. Tuna daftari. Pembejeo zinashuka kupitia Bodi ya Korosho mpaka chama cha msingi, na mkulima ameandikwa jina, mikorosho yake, mifuko aliyopewa. Aliyechukua mifuko kumi anajulikana. Ghala lipo, karani yupo, mizani ipo. Korosho zenyewe zinarudi palepale kwenye ghala kuuzwa mwezi wa kumi. Kinashindikana nini mkulima kuja na korosho zake kwenye gunia, na madumu yake matupu kwenye kamba, karani akaweka tiki? Msimu unaofuata aliyeingiza dawa hiyo nchini akija kuomba zabuni aulizwe kwanza, "Ya mwaka jana umeyachukua?"

Mwanangu wa Shangani, usivunjike moyo. Lakini anzia kwenye sumu.

BintiShangani

Shikamoo mzee. Kwa kweli hilo sikuliwaza. Sisi chupa za dawa tukizikuta tulikuwa tunaziogopa, tunaziacha palepale. Kumbe ndizo zilizohitaji mwenyewe kuliko zote.

Mzee_wa_Newala

Marahaba mwanangu.

Mtata_wa_Chuno

Nimesoma yote, mzee wa Newala amenipunguza ukali. Lakini nina mawili.

La kwanza bei. Mzalishaji hatatoa hela mfukoni kwake, ataongeza kwenye chupa. Mtalipa ninyi.

La pili ujanja. India walianzisha mfumo wa vyeti: kiwanda kinanunua cheti kwa mchakataji kuonyesha kwamba plastiki yake imechakatwa. Mwaka 2023 mamlaka yao ikagundua vyeti bandia zaidi ya 600,000 kutoka kampuni chache tu. Sisi watu wa risiti za kuandikiwa na mtoto wa dukani, tutaweza?

Kreti_Tupu

Bei ataongeza, sawa. Leo pia unalipa, ila unalipa kwenye tozo na kwenye mtaro ulioziba mvua ya masika. Mimi nikinunua chupa nilipie chupa. Asiyenunua asilipe.

Vyeti bandia, hapo sina jibu. Ila kreti huwezi kuilaghai. Nikifika Dar wanahesabu chupa moja moja, sioni cheti pale.

Msimbati_Pwani

Wakuu, mimi nina swali la kichokozi. Kusi likivuma, ufukwe wetu unapokea chupa zenye maandishi ambayo hakuna mtu kijijini anayeyasoma. Zina ukoko wa bahari, zimekaa majini muda mrefu. Tuko ndani ya hifadhi ya bahari, ile ya Ghuba ya Mnazi na Mlango wa Ruvuma, tangu mwaka 2000, na chupa haziombi kibali cha kuingia. Mzalishaji wake nitamfuata na mtendaji wa kijiji?

Ligula_Ughaibuni

Hapo ndipo ulipohitajika mkataba wa dunia wa plastiki. Mataifa yalikubaliana Nairobi Machi 2022 kuuandika. Wakakutana Busan mwishoni mwa 2024, hawakuelewana. Wakakutana Geneva Agosti 2025, hawakuelewana tena. Kwa hiyo kwa sasa, kaka, hizo za bahari bado ni zako.

Msimbati_Pwani

Nilijua tu.

Kaa_Chonjo

Mimi nipo tangu mwanzo, kiti kimeshapata moto. Swali moja: hao waokotaji wenyewe kwenye sheria hizi wanakuwa wapi? Isije ikawa makampuni yakianza kulipa, tenda anapata mtu wa Dar mwenye malori, akina mama wanafukuzwa kwenye dampo na mgambo.

BintiShangani

Ndilo ninalolihofia kuliko bei. Nilichokiona kizuri Afrika Kusini ni kwamba kanuni zao zinawataka wazalishaji wawaingize waokotaji kwenye mfumo, waliojiandikisha walipwe ada ya huduma ya kukusanya, juu ya bei ya kilo. Maneno hayo, ya huduma, nimeyarudia mara tatu niliposoma. Miaka minne hapa tumeitwa wajasiriamali, tumeitwa mabalozi wa mazingira, tumepewa na cheti kwenye fremu. Hakuna aliyewahi kutuita watoa huduma, maana mtoa huduma ana ankara.

Kwetu mlango mmoja angalau umefunguliwa: kanuni za taka za umeme za mwaka 2021 zimemtaja mzalishaji wa redio na simu. Kwa vifungashio tumekuwa hodari wa kupiga marufuku. Viroba vya pombe 2017, mifuko ya plastiki Juni 2019. Na vilipungua kweli, sikatai. Lakini maji ya chupa huwezi kuyapiga marufuku mji ambao bomba linatoka kwa zamu.

Mtata_wa_Chuno

Dada, hao akina mama bado wapo?

BintiShangani

Sita wapo. Wengine wamerudi kwenye kubangua korosho. Na nyuma ya banda kuna viroba arobaini na kitu ambavyo mnunuzi hakuvifuata. Mwenye nyumba amenipa mpaka mwisho wa wiki, baada ya hapo anavichoma.

Kreti_Tupu

Asivichome. Alhamisi nashusha soda hapo mjini, na makreti ya kurudi nayo safari hii hayajai, maana wateja wawili wa Mikindani wamepunguza oda. Nyuma kutabaki nafasi. Zikanyageni vizuri, mzifunge kwa kamba za katani, zisipeperuke njiani nikapigwa faini. Nitazifikisha kwa mchakataji Dar, ninapajua. Bosi wangu nitamwambia mwenyewe.

Duka_la_Kona

Na nauli?

Kreti_Tupu

Safari hii hakuna nauli. Ya pili tutamtafuta mwenye chupa.

BintiShangani

Mungu akubariki kaka. Saa ngapi Alhamisi? Ufunguo nimeshaukabidhi, ngoja nimpigie mwenye nyumba kabla hajalala.